Ngoma ya Kabambare Yaitikiwa Ujiji

Saa moja asubuhi, Kabambare, mashariki mwa Kongo. Wanafunzi arobaini na nane wa darasa la tano wamefumba macho, vichwa vimelala juu ya madawati, na hakuna anayesinzia. Mbele yao, juu ya meza ya mwalimu, simu moja imesimamishwa ndani ya sufuria tupu ili sauti yake ikue. Ndani ya sufuria hiyo Ziwa Tanganyika linapiga mawimbi.

Sauti hiyo ilitumwa jana na watoto wa shule moja ya msingi ya Ujiji, upande wa Tanzania. Walikwenda ufukweni na mwalimu wao, wakakaa kimya, wakarekodi maji.

"Muko munaona nini?" anauliza Madame Chimène, mwalimu wa darasa, kwa sauti ya chini.

"Miye niko naona maji ya kijani," anajibu msichana mmoja, Esther-Divine, bila kufumbua macho. "Iko inakuja mupaka kwa miguu yangu, kisha inaona haya, inarudia."

Mwandishi wa makala haya naye alifumba macho. Ziwa hakuliona, aliona barabara ya kutoka Kasongo, ambayo siku iliyotangulia ilikuwa imemvunja kiuno juu ya pikipiki. Huenda ni uzee.

Ndivyo Chimène anavyofundisha tangu mwaka jana. Mtandao wa Kabambare una tabia za mkubwa: huja unapotaka, huondoka bila kuaga. Video haipiti. Basi madarasa mawili hutumiana sauti: hesabu za kichwa, mvua kwenye bati, majina ya mimea, ugomvi wa majogoo. Wanaopokea hufumba macho, kisha kila mmoja husimulia alichokiona.

Jambo moja limewaingia watoto wa Kabambare mpaka ndotoni: saa za Tanzania ziko mbele kwa saa moja. Siku moja walituma swali: "Ninyi mumekwisha kufika saa mbili. Huko saa mbili iko namna gani?" Jibu la Ujiji likaja: "Kuna jua kidogo. Njooni tu."

Chimène mwenyewe aliwahi kuvuka ziwa hilo, akiwa na miaka minane, akikimbia vita na mama yake. Katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma alipata rafiki, Mwamini, binti wa mama aliyekuwa akiuza maandazi sokoni. Familia ya Chimène iliporudi Kongo, marafiki hao hawakupata hata nafasi ya kuagana. Miaka mingi baadaye Mwamini, sasa mwalimu wa Ujiji, alimtafuta kwa simu mpaka akampata.

"Tulilia kwanza," anasema Chimène. "Kisha tukaulizana, wewe unafundisha la ngapi? Kumbe sisi wote la tano! Nikamuambia, basi watoto wetu wajuane bila kungoja vita."

Mshahara wake huchelewa, na sehemu yake huishia kwenye "mega", kama wanavyoita hapa vifurushi vya intaneti. Mumewe, Fabrice, humtania kwamba simu ndiyo mtoto wao wa tano, na ndiye anayekula kuliko wote.

Mwezi wa pili mwaka huu, masomo hayo nusura yafe. Watoto wa Ujiji walikuwa wameuliza: kabla ya simu, kwenu watu waliitana vipi? Chimène akaenda kwa Papa Octave, mkulima ambaye pia ni mpigaji wa ngoma ya mti, lile gogo lililotobolewa ambalo mapigo yake ni maneno na watu huyaelewa. Octave alipita kwanza nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba ngoma ya kesho ni ya watoto, mtu asishtuke. Kisha akapiga wito wa kukusanya watu, ule unaosikika zaidi kwenye msiba. Chimène akarekodi, akatuma Ujiji.

Siku chache baadaye aliazima spika ya kanisa ili darasa lake nalo lisikie rekodi hiyo vizuri. Akaiwasha madirisha yakiwa wazi. Safari hii hakumtangazia mtu.

Mashambani majembe yakaanguka. Wanawake walikuja mbio, mikono ikidondosha maji ya mihogo. Wa kwanza kufika alikuwa Papa Bulaimu, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ambaye mama yake alikuwa mgonjwa wiki ile. Alifika tayari analia.

"Nilikuwa nimekwisha kumuzika mama njiani," anasema. "Nafika, naona spika."

Alitaka masomo ya simu yafungwe siku ileile. "Ngoma iko na mwenyewe," aliwaambia wazazi. "Ikidanganya, tunajua mulango wa kupiga hodi. Simu, mwenyewe ni nani?"

Wengi walimuunga mkono, na kusema kweli walikuwa na haki. Chimène alikubali kosa. Aliomba jambo moja tu: atimize desturi kwanza. Pale kijijini, anayewaita watu kwa ngoma bure huwalisha wote walioitika. Uamuzi ungetolewa baada ya chakula.

Jumapili akapika bukari, yaani ugali, na sombe, kisamvu cha huku. Fabrice alichinja kuku wawili ambao hawakuwa wamemkosea mtu. Mama Safi, mama yake Bulaimu, aliletwa amekaa kwenye kiti, amefunikwa kitenge, nafuu imeanza kuonekana. Watu walikula kwa hasira na kwa njaa.

Katikati ya chakula simu ikalia. Lilikuwa jibu la Ujiji, limekwama njiani tangu Ijumaa. Chimène aliitia simu ndani ya sufuria wote wasikie.

"Mwalimu ametuambia ngoma yenu ilikuwa inatuita," ilisema sauti ya mtoto. "Sisi tumeitika." Kisha darasa zima, kwa pamoja: "Tumekuja!"

Mama Safi aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Akamgeukia mwanawe.

"Bulaimu, na wale ngoma iliwaita?"

"Ndiyo, mama."

"Waliitika?"

"Waliitika."

"Sasa unawafungia mulango namna gani? Watoto wa watu wamekuja, hawayakula bado."

Kesi ikaishia hapo. Hakuna aliyepiga kura.

Leo nyuma ya shule kuna shamba la karanga. Wazazi hulilima kila Alhamisi, Bulaimu akiwa msimamizi, na mavuno yake yatawekwa kwa ajili ya darasa la Ujiji, siku litakapofika. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wahenga walisema. Huku wenyeji wameshika jembe na mgeni angali ng'ambo ya ziwa.

Chimène anavijua vikwazo: barabara, karatasi za mpaka, usalama ambao hakuna anayeuahidi. "Wanaweza kufika wakubwa, na ndevu," anacheka. "Tutawapa tu karanga."

Mwandishi alimkuta Bulaimu akipalilia, akamuuliza kama kweli anaamini watoto hao watakuja. Hakuinua kichwa.

"Kufika, Mungu anajua," alisema. "Miye najua tuliwaita."