Nyungu za Kuni Mbele ya Shefu

Mwaka wa 1999 nilikuwa na miaka thelathini na nane, na hapo ndipo mateso yangu yalianza. Tulikuwa tunakaa upande wa Nizi. Bwana yangu alikuwa anachimba zahabu, mimi nalima. Vita ikaingia, nyumba ikachomwa, bwana yangu akabaki kule kule, bila kaburi ninalolijua. Nilishuka mujini Bunia na binti yangu, mutoto wangu mumoja tu, tayari mwanamuke kijana. Wengine walikimbia na godoro, wengine na mbuzi. Siye tulikimbia na nyungu, chungu kikubwa cha kupikia pombe. Nyungu hiyo ndiyo ilitulisha.

Maana mimi najua mandro. Asiyefika kwetu nimuambie: ni pombe ya mahindi, nzito, wanaume wanaizunguka wanapokezana kibuyu mpaka jua linaanguka. Nilisoma darasa la pili tu, lakini mandro yangu hata wenye diploma waliifuata kwa miguu. Shida ni moja: mandro inakula kuni. Moto ukilala katikati, umeharibu kazi yote. Na muji ulikuwa umejaa watu wa kukimbia, wote wanapika, kuni za karibu zikaisha. Binti zetu wakaanza kwenda mbali, bondeni, kule ambako wenye bunduki walikuwa wanapita.

Siku moja walikwenda watatu, wakarudi bila kuni. Mumoja alikuwa wangu. Yaliyowapata siandiki. Weye unayesoma umeshajua.

Avenyi yetu, ndiyo mutaa wetu, ilikuwa na shefu. Huyu hakuwekwa na wenye bunduki, tulimuchagua siye wenyewe. Hakukuwa na karatasi za kura. Waliotaka kiti walisimama mbele, na kila mutu akaenda kusimama nyuma ya yule anayemutaka. Mimi nilisimama nyuma yake, kwa sababu alisema wanawake wa kukimbia nao ni watu wa avenyi. Basi tukamuendea, tukamuomba wanaume watusindikize bondeni. Akasema atajibu siku ya salongo.

Salongo ni kazi ya pamoja ya siku ya posho, ndiyo Jumamosi. Avenyi nzima inatoka na majembe kusafisha mitaro, halafu wanawake wanaleta mandro ya bure. Siku hiyo shefu alisubiri watu wakunywe kidogo, akapanda juu ya tofali, akasema:

"Sasa mambo ya kuni. Mimi nauliza tu. Hapa karibu vijiti iko. Kwa nini hawa binti wa kukimbia wanapenda kuni za bondeni? Labda kuni za kule iko na ndevu!"

Wanaume wakacheka. Walicheka mpaka mumoja akaangusha jembe. Muzee mushona viatu, jirani yangu, alishika tumbo kama mwenye kuzaa. Na binti yangu alikuwa amesimama pale pale, kibuyu mukononi, anawagawia mandro. Aliweka kibuyu chini polepole, akaenda nyumbani.

Hakutoka tena. Maji nilichota mimi. Kanisani hakuonekana. Watoto wa njiani wakiona binti yeyote na kuni kichwani, wanaimba: "Ndevu! Ndevu!" Nilikuwa namuangalia mutoto wangu amekaa anatazama ukuta, naona wazi: vita ilimuacha akitembea, kicheko ndicho kilimukalisha chini.

Nikaenda kwa shefu. Alikuwa anakula.

"Shefu, lile neno ulisema."

"Neno gani, mama?"

"Unalijua."

"Aaa, mama! Ulikuwa muzaha. Watu walichoka, niliwachekesha. Weye kwenu hamuchekake?"

"Sema mbele ya watu kwamba ulikosea."

Akalamba vidole. "Shefu hakosei mbele ya watu. Na weye, kumbuka hapa si Nizi. Hapa tumekukaribisha."

Tumekukaribisha! Mutu ninayemunywesha bure kila posho! Bibi yake wa ndoa alinisindikiza mpaka mulangoni, akaninong'oneza: "Dada, acha hiyo mambo. Huyu iko na marafiki wenye bunduki."

"Sawa," nikamuambia. "Marafiki hao wakuje kumupikia mandro."

Nikazunguka kwa wanawake wote wa avenyi wanaopika, wa kukimbia na wenyeji. Wengine waliogopa. Mama mumoja mwenyeji aliniambia, "Mambo ya wakimbizi mimi simo." Nikamuuliza, "Binti yako, kuni anatoa wapi?" Akatazama njia ya bondeni. Halafu akasema, "Nitakuja na nyungu mbili."

Salongo iliyofuata wanaume walilima mitaro kwa nguvu, maana waliona nyungu zetu zimepangwa kivulini, zimefunikwa na majani ya ndizi. Jua lilikuwa kali. Kwa desturi shefu ndiye anafungua nyungu ya kwanza. Akainama na kibuyu chake, akatoa majani.

Ndani, kuni. Kavu, zimekatwa vizuri. Akafungua nyingine, kuni. Akafungua nyingine tena.

"Ni nini hii?"

"Angalia vizuri, shefu," nikasema. "Tafuta ndevu."

Safari hii hakucheka mutu.

"Munachezea serikali?" akapiga kelele.

"Serikali gani? Ni siye tulisimama nyuma yako. Kwa miguu hii. Kama tungekaa nyumbani siku ile, leo ungekuwa unachimba mutaro pamoja na hawa."

Muzee mushona viatu akakohoa. "Shefu, sema basi. Koo zinakauka."

Najua vizuri ilikuwa kiu, haki haikuwamo. Nilipokea hivyo hivyo.

Shefu akapanguza uso. "Sawa. Kama kuna mama ameumia na neno langu, pole."

"Hakuna kama! Mutoto alikuwa mbele yako na kibuyu. Hukumuona?"

"Basi pole."

"Pole ni ya mugonjwa. Weye taja neno ulilosema, halafu useme ni uongo."

Hapo nikamuona binti yangu. Sikumuita. Alikuwa amesimama nyuma ya wanawake, kitenge mpaka kwenye macho. Shefu naye akamuona. Akaangalia chini, akaanza kusema kwa sauti ndogo.

"Juu!" wanawake wakamufokea. "Siku ile ulisema juu!"

Akasema juu. "Nilisema hawa binti wanafuata wanaume bondeni. Ni uongo. Walifuata kuni. Nilisema uongo ili watu wacheke."

Binti yangu akapita katikati ya wanaume wote. Alifika kwenye nyungu yetu, akatoa kuni, akazifunga na kamba, akaziweka kichwani, akarudi nyumbani kwa njia kubwa, muchana, taratibu. Watoto walikuwa pale. Hakuna aliyeimba.

Mandro hawakupata siku ile. Wakunywe maji ya mutaro.

Wakati wa kupanga mustari wa kuchagua shefu tena ulipofika, nyuma ya shefu walisimama bibi yake na wadogo zake. Bondeni hakutusindikiza mwanaume yeyote, tulikwenda wenyewe, wengi, na mapanga. Wale waliowafanyia binti zetu ubaya hawajaulizwa na mutu mpaka leo, na hasira yangu juu yao haijapoa, sitaki ipoe. Lakini yule niliyemuweka kwenye kiti kwa miguu yangu, nilimuuliza, akajibu. Na wakubwa wa leo wanaosema ovyo kwenye redio, halafu wanasema ni muzaha, wajue bado natembea.

Leo niko na parsele moja, kiwanja changu mwenyewe, nyumba ya matofali ya vyumba vitano, mabati juu. Niko na mashini ya kusaga mahindi. Ng'ombe wawili upande wa Irumu. Kitanda cha mbao, viti sita, redio. Binti yangu, nyumba yake iko mbele ya yangu. Wajukuu wanne. Na nyungu ya Nizi, imevunjika mudomo, naiwekea mahindi ya mbegu.