Shahidi wa Wosia wa Baba

Baba yangu, seremala, alifariki Arua enzi za serikali ya wanajeshi, akaacha wosia wa ukurasa mmoja: nyumba yetu ya Onduparaka ibaki kwa mama. Baba mdogo, askari wa kambi ya Koboko, alikuja matangani, akaisoma ile karatasi, akamzaba mama kofi mbele ya waombolezaji.

"Hii iko uongo," alisema. "Nyumba ya kaka yangu iko yangu."

Karani wa mahakama alitueleza kwamba wosia ukipingwa, lazima shahidi aliyetia sahihi afike mwenyewe kuuthibitisha. Mashahidi walikuwa wawili. Mmoja, katekista, alikuwa amekwisha kukimbilia Kongo. Alibaki fundi cherehani, Mwislamu wa Koboko, rafiki wa baba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama akanituma nikamwite.

Nilimkuta amelala mkekani, mkono wa kulia umefungwa matambara yaliyolowa damu. Mkewe alinisimulia: asubuhi ile baba mdogo alifika na askari wawili, wakauweka ule mkono mezani, wakauponda kwa kitako cha bunduki, kidole baada ya kidole. Niliona haya kusema kilichonileta, nikageuka niondoke.

"Binti, kesi iko siku gani?" fundi aliniuliza.

"Kesho kutwa, mzee."

"Mimi nakuja."

Alikuja kweli, juu ya lori la tumbaku. Baba mdogo alikaa kiti cha mbele, bastola kiunoni. Hakimu alimtaka fundi aandike jina lake ili alinganishe sahihi. Fundi akafungua matambara.

"Mukono ya kuandika iko hii, mheshimiwa. Lakini mimi niliona marehemu naweka sahihi, halafu na mimi naweka. Akili yake ilikuwa muzima."

"Nani amekufanyia hivi?"

Fundi alimnyooshea baba mdogo kidevu. Baba mdogo aliruka, akampiga fundi mdomoni kwa kitako cha bastola. Meno mawili yakadondoka sakafuni. Polisi wa mlangoni alitazama pembeni. Kalamu ilimponyoka hakimu. Akaiokota, akaandika kwamba wosia ni halali, akasoma hukumu kwa sauti ndogo, akatokea mlango wa nyuma. Hatukumwona tena Arua.

Nilimsindikiza fundi hadi kwenye malori. Yeye hakulia, nililia mimi.

Wiki ile ile baba mdogo alitutoa nyumbani kwa mateke, akamvunja mama ubavu. Tulilima kijijini Logiri miaka mitatu. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka, baba mdogo alikimbilia Sudan, nasi tukarudi. Mabati yalikuwa yameng'olewa. Mama alifagia vyumba vyote, akatandika mkeka, akanikataza kumtaja shemeji yake tena.