Jagi la Mama Zaituni

Harufu ya siki ikinipata mahali popote, hata kwenye kachumbari ya harusini, narudi Bulyanhulu nikiwa na miaka kumi na mmoja, macho yakiniwasha kwa moshi. Mama yangu alikuwa akibanika nyama ya nguruwe kwenye pipa lililokatwa katikati, kando ya njia waliyopita wachimbaji wadogo wakitoka kwenye mashimo yao. Makaa yalikuwa machache, bati limefunikwa juu, na nyama ilikaa humo tangu asubuhi. Lakini watu walifuata mchuzi wa kuipaka: siki, pilipili kichaa, kitunguu saumu, chumvi na sukari guru, vikichemshwa hadi jirani apige chafya. Mama hakuwa na kipimo. Alionja, akakunja uso, akaongeza.

Siki ilitoka kwa jirani yetu, Mama Zaituni, Mwislamu aliyekuja na mumewe kutoka Kigoma. Alivundika maganda ya mananasi ya Geita kwenye mtungi uliofunikwa kitambaa, akayaacha majuma mengi hadi yachachuke. Nguruwe hakumgusa, wala sisi hatukumtania kwa hilo. Palikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika: alikuja na jagi lake la bluu hadi kwenye ua wa minyaa, mimi nikashika chupa yetu, akamimina, jagi likarudi kwake bila kuvuka ua. Mama alinionya mara moja tu. "Ng'wanone, mwanangu, chombo cha mtu ni heshima yake."

Jumamosi moja ya mwezi wa Ramadhani, Mama alikuwa amekwenda kununua mkaa na wateja walikuwa wamejaa wakipiga kelele. Mama Zaituni alifika kwenye ua wa minyaa, lakini mwanawe mdogo akaanguka na kulia kule ndani. Akanikabidhi jagi. "Minza, mimina mwenyewe, nirudishie baadaye." Nilijiona mtu mzima. Chupa sikuiona, mchuzi ulikuwa mtamu kupita kiasi, basi nikaliingiza jagi jikoni nikawa nachota siki kwa upawa uleule niliokuwa nikimwagia nyama. Nilichota mara tatu. Nilipotazama ndani ya jagi, macho ya mafuta yalikuwa yakielea.

Haraka haraka haina baraka, tuliimba shuleni, lakini hakuna aliyetuambia la kufanya baada ya haraka. Nilimwaga siki iliyobaki, nikalisugua jagi kwa sabuni na steli waya hadi vidole vikachubuka, nikalianika juani. Mama aliporudi akauliza kama nilipima siki kwenye chupa. Nikasema ndiyo. Jioni nikalirudisha.

"Shikamoo, Mama Zaituni."

"Marahaba, mwanangu. Lo! Umelisafisha hadi linang'aa! Zaituni, njoo uone kazi ya mwenzako."

Akalijaza maji papo hapo, maana adhana ilikuwa imekaribia. Nilisimama nikamwona akimimina, mumewe akinywa, Zaituni akinywa, yeye akinywa mwisho na kufumba macho kwa kiu ya kutwa nzima. Kisha akanipa tende mbili. Nilizitafuna zote mbili. Hadi leo sili tende.

Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Niliogopa kwamba siki ingekatika, mchuzi ungekufa na Mama angejua nilimdanganya. Mficha uchi hazai, lakini mimi nilificha, na Mama Zaituni akazidi kunipenda. Mwaka uliofuata habari za dhahabu zilisikika upande wa Buseresere, mumewe akafungasha. Asubuhi ya kuondoka alivuka ua kwa mara ya kwanza, akaniwekea lile jagi mikononi. "Chukua, Minza. Wewe unajua kutunza chombo cha mtu." Nililia kwa kwikwi, na watu wakasema jinsi watoto wanavyopendana na majirani.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Wangu ameshaota mvi. Mwaka juzi nilifunga safari hadi Buseresere kumtafuta. Nilimkuta Zaituni akiwa na duka la kanga. Mama yake alikuwa ameshafariki. Nikamweleza Zaituni yote, palepale kwenye kigoda. Akatikisa kichwa.

"Dada Minza, si ungesema tu? Kwetu chombo kama hicho huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mama angekugombeza, angeliosha, yakaisha."

Udongo ulikuwa umejaa uani kwetu, mwekundu, wa bure. Kilichokosekana ni mdomo wangu.

Siku hizi naishi Ibadakuli. Siki nanunua dukani, chupa imefungwa kwa lakiri ya plastiki, na hakuna haja ya kumwamini mtu yeyote. Sikukuu zikifika nachanganya ule mchuzi. Wanangu wanausifu, mimi nauona umepungukiwa. Niliporudi kutoka Buseresere nililitoa jagi la bluu kabatini, nikaliosha mara saba, moja kwa udongo wa uani. Nikalifuta vizuri. Kisha nikalirudisha kabatini, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kumrudishia.