Risasi Ambazo Bunduki ya Baba Ilizikubali

Baruti ikiungua huacha harufu kali inayokwama kooni. Juzi watoto wa jirani, hapa West Side mjini Buffalo, walirusha fataki uani, harufu ikaingia dirishani, na mara nikawa tena mjini Louisville tulikoishi zamani, msichana mdogo kwenye kiti cha nyuma cha gari la baba.

Baba alikuwa amenunua bunduki. Ilikuwa ndogo, ya kuwindia kindi, ile inayojipakia risasi yenyewe kila inapolia. Mzee Earl, Mmarekani aliyefanya naye kazi kwenye ghala la mizigo, alikuwa amemwalika kuwinda shambani kwake. Baba, aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania kwa mgao wa mahindi na maharage, hakuamini kwamba huku nyama inarukaruka mitini bure.

Mama hakucheka. Wazazi wake walipigwa risasi Burundi.

"Baba Neema, tumekimbia kitu hiki, halafu wewe unakiingiza ndani?"

Akafungasha nguo zetu ili atupeleke kwa mjomba, mjini Columbus. Baba akamsihi aje kwanza shambani aone. Alikuja, lakini begi alilipakia garini.

Earl alikuwa ameandaa paketi za risasi za aina mbalimbali. Alisema bunduki kama ile huchagua risasi kama mgonjwa anavyochagua chakula. Za kwanza hazikuwa na nguvu. Ganda tupu lilinasa likitoka, baba akalichomoa kwa kucha. Za pili, zilizopakwa nta, zilimchafua vidole, kisha moja ikagoma. Tulisikia "ka!" basi.

Nilidhani baba ataifungua bunduki aone kulikoni. Wapi! Aliielekeza kwenye tuta la udongo, kidole mbali na kifyatulio, akatulia. Ndege wakaanza kulia tena. Mama akashuka garini.

"Unangoja nini?"

"Huenda ikachelewa kulipuka. Kaa nyuma yangu, mama."

Alingoja mpaka Earl alipoitikia kwa kichwa, ndipo akaitoa risasi ile. Za tatu, za kasi zaidi, zenye vichwa vilivyopakwa shaba, ziliingia na kutoka bila kusita hata mara moja. Baba akageuka, meno yote nje.

"Hizi ndizo!"

"Na hiyo bunduki italala wapi?" mama akauliza.

"Kwenye kabati la chuma. Ufunguo utaushika wewe."

Jioni ile tulirudi nyumbani, mtaani Beechmont. Vuli ile tulikula kindi wa mchuzi kwa ugali, na mama ndiye aliyekuwa akidai pilipili iongezwe.

Niwaambie kitu. Kwa miaka mingi nilidhani mama aliridhika kwa sababu tulipata risasi nzuri. Sasa nina watoto wangu, nimeelewa kwamba risasi hata hakuzitazama. Wanaume wote wenye bunduki aliowahi kuwaona walikuwa na haraka. Siku ile, kwa mara ya kwanza, alimwona mmoja akingoja.