Mke Mwenza wa Mwimbaji

Kila Jumamosi asubuhi mimi huwasomea watoto wa mtaa wetu wa Makorora, hapa Tanga, maisha ya watu maarufu. Tunakaa barazani kwa shangazi, kwenye mikeka. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hayakunipeleka popote, nikawa najisomea mwenyewe chumbani, hadi shangazi akachoka kuniona nimeinamia simu. "Kama unayajua yote hayo," aliniambia, "wafundishe hawa wanaonivunjia vyungu vya maua."

Kuandaa maisha ya mtu mmoja hunichukua wiki nzima. Natafuta, nalinganisha, naandika, nafuta. Naogopa kukosea kuliko ninavyoogopa kunyamaza. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kama mwanamke mwanasayansi niliyekuwa nimewasomea alipenda samaki. Nilisema sijui, halafu nikatumia siku nzima kutafuta jibu ambalo halipo popote. Watoto hawajali tuzo wala vyeo. Wanataka kujua nani alimchapa huyo mtu maarufu, nani alimpikia, alilala na nani kitanda kimoja.

Miongoni mwao yumo msichana wa mtaa wa Mabawa, huja na baiskeli ya mama yake iliyo kubwa kuliko yeye. Siku moja nilipomaliza kusoma habari za mkimbiaji wa mbio ndefu, alisema kwamba bibi yake naye alikuwa maarufu.

"Maarufu wapi?" aliuliza mvulana aliyewazidi wote umri.

"Kwenye taarabu. Alikuwa anaimba redioni. Amefika mpaka Maskati."

"Hata bibi yangu amefika hapo Muheza."

Wenzake walicheka. Mvulana akaendelea, sasa bila mzaha. "Kama ni maarufu, mbona dada hajamsoma? Maarufu wote wanasomwa. Muongo wewe."

Msichana alinigeukia. "Dada atamsoma. Si ndiyo, dada?"

Nilisema ndiyo, nikampa tarehe. Niliona jinsi alivyowatazama wenzake baada ya hapo, na nikajua kwamba nisipofanya vizuri atabaki kuwa muongo mbele yao, na hataendesha tena baiskeli ile mpaka kwetu.

Bibi huyo nilimfahamu kwa sauti. Tanga nzima inamfahamu kwa sauti. Lakini kuhusu maisha yake sikukuta chochote kilichoandikwa. Ilinibidi kuuliza watu, jambo ambalo huwa nalikwepa hata dukani.

Nilianza kwa mama wa msichana, binti wa marehemu mwimbaji. Ni fundi cherehani, na alizungumza huku akishona, bila kunitazama, kama mtu anayejizungumzia. Aliniambia mama yake alitoroka kwao Ushongo na furushi la nguo kwa sababu wazazi hawakutaka aimbe. Aliniambia aliolewa mara tatu. Aliniambia pia kwamba kila alipotakiwa kupanda jukwaani, miaka yote, alijifungia chooni na kusema haimbi. Hili la mwisho lilinigusa. Mimi hutetemeka mbele ya watoto walioketi kwenye mkeka. Sikumwambia.

Niliandika yote. Kisha nikafanya kosa ambalo wakati ule niliona ndiyo adabu yenyewe: nilirudi kumsomea.

Alizima cherehani. "Mwanangu, yale yalikuwa mazungumzo," alisema. "Mazungumzo hayaandikwi. Hilo la waume toa. La chooni ndiyo kabisa, watu watasema mama alikuwa na wazimu. Halafu, kwa mjomba umekwenda? Huwezi kumwandika marehemu na mkubwa wake hajui."

Nilikwenda Ushongo. Mjomba huyo, kaka wa mwimbaji, alinipokea vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akaagiza niletewe dafu, akanisikiliza mpaka mwisho huku amefumba macho.

"Pazuri," alisema. "Ila hapo pa kutoroka. Andika aliaga."

"Aliaga, babu?"

"Hakuaga. Wewe andika aliaga."

Sikuweza kuandika uongo na sikuweza kumkaidi mzee, kwa hiyo niliitoa sentensi nzima. Nikatoa na ya wazazi waliokataa, kwa kuwa bila ile ya kwanza haikuwa na kazi. Niliporudi Mabawa, mama wa msichana aliomba nitoe pia habari za kutunzwa pesa kwenye harusi, isije ikaonekana mama yake alikuwa akiimba ili apewe. Nilitoa.

Yaliyobaki ni kwamba alizaliwa Ushongo, alipenda kuimba, alihamia Tanga, aliimba, alisafiri, watu walimpenda, Mungu akamchukua. Hakukuwa na neno la uongo wala neno la kumuudhi mtu. Niliyapanga na kuyapangua siku kadhaa. Yalikuwa maandishi safi kuliko yote niliyowahi kuandika, na nilijua hayana mtu ndani yake. Sikumwambia yeyote hilo pia.

Jumamosi ilipofika msichana alikuja amepakizwa baiskelini na mama yake. Mama alivaa baibui la kutokea na alileta sinia la kachori. Shangazi alimpa kiti. Msichana aliketi mbele kabisa, magoti yakigusa miguu yangu.

Nilisoma. Nilipoinua macho watoto walikuwa bado wananitazama, wakingoja.

"Imeisha?" aliuliza yule mvulana.

"Imeisha."

Alifikiri kidogo. "Sasa umaarufu uko wapi hapo? Hata mimi nimezaliwa. Hata mimi naimba."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Msichana alikuwa anachomoa unyuzi kwenye mkeka. Akilini nilikuwa na furushi, waume watatu na mlango wa choo, na aliyenikataza alikuwa amekaa hatua chache kutoka nilipo, mikono mapajani. Nilijiona kama vile namtazama mtu mwingine akishindwa.

Msichana akasimama. "Huyo aliyesomwa simjui," alisema. "Mke mwenzangu hakuwa hivyo."

Shangazi aliguna kwa kicheko. Kwetu mjukuu na bibi yake ni watani. Mjukuu wa kike humwita bibi mke mwenza, kwa kuwa babu ni mume wao wote wawili, na anaruhusiwa kumsema kwa maneno ambayo mtoto wa kumzaa hawezi kuyatamka. Hata msibani, wengine wakilia, wajukuu ndio wanaoigiza mwendo wa marehemu na ulafi wake. Nililijua hili tangu utotoni. Katika kuomba ruhusa kwangu kote, halikunijia.

Msichana alichukua kanga ya shangazi iliyokuwa kwenye kamba, akajifunga, akaingia ndani na kufunga mlango. Sauti ikatoka nyuma ya mlango, nzito, ya kikongwe.

"Leo siimbi. Tumbo linanikata. Nirudisheni kwetu Ushongo."

Akajijibu kwa sauti nyingine, ya mpiga ngoma. "Bi mkubwa, ukumbi umejaa."

"Waambieni nimekufa."

"Umekufa na hereni?"

"Ndiyo. Maiti maridadi."

Watoto waliangua kicheko. Mimi nilimtazama mama yake. Alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, na sikuweza kujua kama anacheka au analia.

Mlango ukafunguliwa. Msichana akatoka pole pole, kidevu juu, akawapita watoto kana kwamba hawapo, akaimba mstari mmoja wa wimbo ambao hata mimi nimekua nikiusikia. Hakuimba vizuri. Kisha akavunja mwendo ule na kusema kwa sauti yake mwenyewe, "Na alikuwa na waume watatu. Wa tatu ndiye babu, ndiye aliyenioa na mimi. Nimeolewa na kizee hana meno."

"Ngoja," alisema yule mvulana. "Alikuwa anaogopa kila siku?"

"Kila siku. Mpaka uzeeni."

"Na kila siku alitoka?"

"Asingetoka, usingemsikia redioni."

"Sasa nani alikuwa anamtoa chooni?"

Ni swali la aina wanayouliza kuhusu wale wengine, wanasayansi na wakimbiaji. Msichana alinitazama mimi.

"Mimi," alisema mama yake.

Watoto waligeuka wote.

"Nilikuwa mdogo kama nyinyi. Wakubwa walimbembeleza wakashindwa. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni naanza kuimba wimbo wake, naukosea kwa makusudi. Naupeleka huko, naurudisha huku. Alikuwa hawezi kuvumilia wimbo ukiharibiwa. Anafungua mlango, ananifinya, anapita moja kwa moja mpaka jukwaani."

Habari hiyo hakunipa alipokuwa akishona, wala nilipomsomea. Nilimuuliza, kwa sauti ndogo, kama naweza kuiandika.

"Andika," alisema. "Na la chooni lirudishe, wamekwisha kulisikia. Waume waachie mtani wake."

"Alikufinya wapi?" aliuliza mvulana.

Mama alivuta mkono wa baibui mpaka juu ya kiwiko na kuonyesha. Watoto walisogea kutazama, kana kwamba alama bado ipo. Mvulana alitangulia, lakini msichana alimzuia.

"Subiri," alisema. "Bibi wa nani?"

"Wako," alisema mvulana, akampisha.