Kura ya Baba na Zamu ya Maji

Juzi nimeona isale, ule mmea wetu wa mipakani, linauzwa. Lilikuwa Moshi mjini, kando ya barabara, limepandwa kwenye kopo la rangi katikati ya mawaridi, na kijana mwenye miche akaniambia ni pambo zuri la sebuleni. Nilifinya ncha ya jani nikainusa. Ile harufu ya ubichi ikanirudisha Kilema, shambani kwetu, nikasimama pale na mkoba wangu mpaka kijana akadhani naumwa.

Watoto wangu hunisumbua kila uchaguzi ukikaribia. Wanataka kujua mama anampigia nani na kwa nini. Nikiwaambia kura ni siri wanacheka, wanasema mama mwoga. Basi wacha niwaambie ninyi kwanza, labda kwao itakuwa rahisi baadaye.

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache na migomba mingi. Kaka yake, tuliyemwita Baba Mkubwa, alikuwa na vyote viwili kwa wingi, na juu ya hayo alikuwa msimamizi wa mfongo, ule mfereji waliouchimba mababu kuleta maji kutoka msituni. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kufungulia maji shambani, na zamu hizo alizipanga yeye. Alikuwa pia mtu wa chama, wa kofia na shati la chama hata kwenye misiba.

Vyama vingi vilipoingia, watu waliitwa kwenye mkutano wa kijiji. Baba Mkubwa akatangaza mbele ya wote kwamba ukoo wetu ni mmoja na kura yake ni moja. Baba akasimama. Alisema kahawa tunalima sisi na bei wanapanga wengine, na miaka yote hiyo hajamwona aliyekuja kumuuliza inamtoshaje, kwa hiyo safari hii angejaribu upande wa pili. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Kaka, shamba marehemu baba alitugawia kila mtu lake. Na kura ni hivyo hivyo."

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili, nimekaa kwenye nyasi na mama, na nilijiona binti wa mfalme.

Zamu yetu ilipofika, maji hayakuja. Ilikuwa kiangazi. Baba akapanda kuuliza, akaambiwa zamu zimebadilishwa, asubiri. Akasubiri. Iliyofuata nayo ikapita. Hakuna hata mmoja aliyetamka neno kura. Majani ya migomba yakaning'inia, ng'ombe akapunguza maziwa, na majirani waliopiga makofi wakawa wakitoka kanisani wanashika njia ya upande mwingine. Mama alimsihi Baba apeleke isale. Kwetu, aliyekosa hufunga fundo jani la isale akampelekea aliyemkosea, na anayeletewa hawezi kukataa kusamehe.

"Isale ni la mwenye kosa," Baba alisema. "Kosa langu ni lipi?"

"Migomba hainywi ukweli," Mama akamjibu.

Siku Baba alipoenda mnadani Himo, Mama alikata jani pale mpakani, kwenye masale yaliyotenganisha shamba letu na la Baba Mkubwa. Akalifunga fundo, akajaza mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu, akanishika mkono. Tulimkuta Baba Mkubwa uani kwake. Mama akapiga magoti.

"Shikamoo kaka. Mdogo wako amenituma nikuletee hili."

Baba Mkubwa aligeuzageuza lile jani. Akauliza kama kweli ametumwa. Mama akasema kweli. Baba Mkubwa akanywa mbege, akafuta midomo, akasema yamekwisha, na siku ya kura yeye na mdogo wake wateremke pamoja.

Jioni ile maji yalikuja. Baba aliyasikia kabla hajafika nyumbani, na sisi watoto tukamkimbilia tukiruka kwa furaha, miguu imejaa tope. Hakutuangalia. Alikwenda moja kwa moja mpakani, akaliona shina lililokatwa jani. Akaingia ndani, hakumuuliza Mama chochote. Angesema nini? Isale likishapokelewa halirudishwi. Kulikana kungekuwa kumfanya mkewe mwongo mbele ya ukoo na kuiletea nyumba laana. Siku ya kura aliteremka na kaka yake, wamevaa makoti, bega kwa bega.

Mimi nilifurahi. Ndizi zilirudi, maziwa yakarudi, na nilimwona mama yangu kuwa mwanamke mwenye akili kuliko wote Kilema. Sikuelewa kwa nini tangu siku ile Baba alikuwa akila ndizi zile kama anayemeza dawa. Sikuelewa pia kwa nini kila mtu aliyetaka kunyanyua mdomo mkutanoni alikumbushwa kwamba hata fulani alipiga kelele, mwishowe akaleta isale. Hakuna aliyesimama tena. Namchukia Baba Mkubwa hadi leo, na yuko kaburini, padri anajua.

Baba alipozeeka nilimuuliza siku ile alimpigia nani.

"Mle ndani nilikuwa peke yangu, mwanangu," alisema. "Hakuna aliyeniona. Lakini nilikuwa nasikia maji. Nikaweka alama alipotaka kaka."

Kwa hiyo wanangu wasinitajie rangi za bendera. Mimi sina chama. Ninachoamini ni kwamba mtu hapaswi kuombea msamaha fikra zake ili mgomba wake unywe. Huwa nasikiliza wagombea kwa makini, hasa wanapotueleza nani atapata barabara kwa kura yake na nani atakaa bila. Kisha nikiingia kupiga kura, nasimama kidogo na kalamu mkononi. Nikisikia maji, najua wa kumnyima.