Siku Niliyolia Hewani Kabla ya Vitoa Machozi

Hii aibu siwezi kuikana, maana ilionyeshwa moja kwa moja kwenye runinga saa saba mchana, wakati nusu ya mtaa wetu wa Kangemi iko hotelini inakula madondo ikitazama habari.

Mimi ni mtu wa kuulizauliza (ndiyo maana nikawa mwandishi wa habari, kazi ya kulipwa kwa umbea), na kitu nilichotamani sana kujua ni vile wakongwe wa kazi hii wanavyoenda maandamano bila kuogopa. Mpiga picha wetu, Odhiambo, hujipaka dawa ya meno chini ya macho kukata makali ya vitoa machozi, halafu anapiga mluzi. Ukimuuliza kuhusu woga anasema, "Hiyo niliacha kwa droo ya ofisi."

Kawaida mimi huandika tu, mwingine anasimama mbele ya kamera. Siku hiyo ya maandamano mwenzetu alikauka sauti, nikasukumwa mimi. Shida ni kwamba mama yangu, muuza mboga pale sokoni Kangemi, ana presha, na nilikuwa nimemwapia kwamba nilihamishwa kwenda habari za kilimo. Nikajipa moyo kwamba kwa kofia ngumu, miwani na barakoa hatanijua.

Sasa, dawa ya meno sikuwa nayo. Nilikuwa na ile ya kupaka mtoto kifuani akiwa na mafua, nikajiambia, kwani si zote zina ubaridi? Nikajipaka chini ya macho kwa ukarimu, nikafunika na miwani, tukaingia hewani pale Moi Avenue.

"Hali hapa ni tulivu," nikasema, na macho yakawaka moto. Nikavua miwani nipanguse, nikaisambaza dawa zaidi, kamasi zikaja, nikavua na barakoa, nikawa uso mtupu mbele ya taifa nalia.

"Polisi wamesharusha?" mtangazaji wa studio akauliza.

"Hapana," nikajibu kwa kwikwi, "kumetulia kabisa."

Kijana mmoja mwenye bendera akanishika bega. "Siz, usilie, hata sisi hatujaanza."

Studio ikatukata. Odhiambo akanimwagia maji yake yote, dawa ikaisha, macho yakapoa, lakini machozi hayakukoma. Nikashangaa, nikamwambia bado inawasha. Akanitazama, hakucheka. "Hiyo si dawa tena. Mimi hulia kwa bafu nikifika home, nafungulia maji watoto wasisikie." Kumbe droo haikuwa na kitu.

Jioni nilienda Kangemi roho mkononi, nikiwaza nitamkuta mama amelazwa. Nilimkuta anakatakata sukuma.

"Mama, nisamehe."

"Nilijua kitambo. Mtu wa kilimo gani hajawahi kuniuliza bei ya nyanya?" Akaendelea kukata. "Presha yangu haipandishwi na hiyo moshi. Inapandishwa na kutojua uko wapi."

Nilijisikia vibaya kuliko hewani. Nimeapa sitajipaka tena dawa ya mafua machoni, na mama sitamdanganya. Sasa kabla ya kutoka kwenda maandamano nampigia, namwambia ni barabara gani na niko na nani. Anasema, "Haya, mwanangu," halafu hakati simu, nami sikati, tunasikilizana tu tukipumua hadi Odhiambo anite.